Nyundo na mbabula: Jumamosi ndani ya parseli za Butembo na Beni

Mwezi wa sita na wa saba, mvua inapopunguza kidogo, Butembo iko na sauti yake ya Jumamosi: nyundo juu ya tole. Inaanza upande wa Furu, inajibiwa Vulamba, na mbele ya saa nne asubuhi vilima karibu vyote vinagonga. Ukienda Beni, kilometa 54 kaskazini, ni vile vile, isipokuwa kule joto ni kali na tole inachoma mkono mapema. Halafu, saa saba au saa nane mchana, nyundo zinanyamaza moja moja na moshi unaanza kupanda nyuma ya nyumba. Mwenye parseli amewasha mbabula. Wale waliomsaidia wanakaa juu ya mabaki ya mbao na kungoja nyama.

Tunataka kusema juu ya ile nyundo na ile mbabula pamoja, juu kwetu haviachani. Ni watu wachache sana katika hii miji miwili wanaoita kampuni kuja kutengeneza nyumba. Nyumba unaitengeneza mwenyewe, pamoja na shemeji, mtoto wa ndugu, jirani wa ng'ambo ya ua, na kama mfuko unaruhusu, fundi mmoja anayelipwa kwa siku. Hao wengine hawaombi franka. Wanakula. Na mtu ambaye watu wametoka kwake na njaa, mwaka unaofuata atapanda juu ya tole peke yake.

Ile kazi inaokoa nyumba nyingi kila mwaka. Lakini siku hiyo hiyo ya furaha inaleta pia mifupa iliyovunjika, nyama yenye sumu ya moshi, na mara ingine kifo cha usiku ndani ya chumba kilichotengenezwa mchana. Kwa hiyo tusiifuate haraka-haraka. Tuanze juu ya paa, tumalizie kwenye majivu.

Tone halianguki pale tole ilipotoboka

Butembo iko karibu kabisa na ikweta, kwa kimo cha zaidi ya mita 1,700. Mvua inakuja karibu kila mwezi. Inakazana toka mwezi wa tatu mpaka wa tano, kisha tena toka wa nane ao wa tisa mpaka wa kumi na moja. Katikati ndiyo nafasi. Anayeikosa atalala na sufuria zimepangwa kitandani.

Kitu cha kwanza kujua: maji yakipita tundu la tole, yanashika mti wa chini yake na kutembea nao, wakati mwingine mita moja ao mbili, ndipo yanaanguka. Kwa hiyo anayepanda juu na kutafuta tundu sawasawa juu ya kitanda hatalipata. Dawa ni kuingia ndani saa sita mchana, kufunga milango na madirisha, na kutazama juu kwenye giza. Kila tundu linaonekana sawa nyota. Chukua unyasi mgumu, uchomeke mle ndani. Yule aliye juu ataona unyasi umesimama na atajua pa kuweka dawa. Hii kazi ya unyasi ndiyo tunaweza kuwapa watoto, na wanaipenda.

Matundu mengi yanatoka kwa misumari. Tole iko na migongo na mabonde. Maji yanapita bondeni, kwa hiyo msumari unapigwa juu ya mgongo. Lakini bondeni ndiko tole inagusa mti, msumari unaingia bila taabu, na mtu mwenye haraka anapiga pale. Mwaka wa kwanza hakuna mambo. Mwaka wa pili kutu imekula pembeni ya msumari na maji yameingia. Ng'oa ule msumari, ziba tundu, piga mwingine juu ya mgongo, na chini ya kichwa chake weka kipande cha shambrea, ule mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki. Jua linakausha mpira na kuupasua kisha miaka michache, basi hii haiko dawa ya milele, ila kubadilisha kipande cha mpira hakuuzi mbuzi.

Tundu dogo unalisugua kutu kwanza, unaweka kitambaa na gudroni juu yake. Tundu kubwa linataka kipande cha tole, na hapa tumeona kosa moja mara mingi: watu wanalaza kiraka juu ya tole zote mbili na kupiga misumari pande zote nne. Maji yanayotoka juu yanakutana na ukingo wa kiraka na kuingia chini yake. Kiraka kinapaswa kupenya chini ya tole ya juu na kulala juu ya tole ya chini, sawa vile manyoya ya kuku yanapangwa.

Ukinunua tole mpya, uliza BG yake. Namba ikikuwa kubwa, tole ni nyembamba: BG 32 ni nyepesi kuliko BG 28, na upepo wa kilimani unajua tofauti hata kama macho hayaioni. Na usiridhike na mawe juu ya paa. Mawe yanazuia upepo wa kawaida, lakini siku ya dhoruba yanashuka juu ya watu. Kinachong'oa paa mara nyingi siyo misumari ya tole. Ni kwamba miti ya paa haikufungwa na ukuta, kwa hiyo tole inaruka pamoja na miti yake yote. Waya mnene unaozunguka mti wa paa na kushuka mpaka ndani ya ukuta unafanya kazi kuliko mawe ishirini.

Sasa mwenye kupanda. Atembee juu ya mistari ya misumari, maana chini yake kuna mti; katikati tole inapinda na mguu unapita. Asipande asubuhi umande ukingali juu. Ngazi ya mkaratusi ifungwe juu kwa kamba na mtu mmoja aishike chini, mtu kweli, siyo mtoto anayetazama njiani. Kuna nyumba wanapandisha kijana wa miaka kumi na miwili juu ya wepesi wake. Tunasema wazi: hapana. Na kasiksi ingoje mpaka ngazi imelazwa chini. Anayependa kunywa akiwa juu anajulikana katika kila kartie, mara mingi kwa vile anavyotembea leo.

Lita elfu moja zinaenda kwa nani?

Tufanye hesabu ndogo. Paa la mita 40 za mraba, siku ya mvua ya milimita 25, linamwaga lita 1,000 za maji. Hiyo ni paa moja, mvua moja. Parseli yako iko juu ya kilima, jirani yuko chini. Hizo lita zinapita wapi?

Wenye kuishi Butembo wanajua jibu. Mashimo ya mmomonyoko yanayokula barabara na nyumba hayakuanza makubwa. Yalianza kama mfereji mdogo kati ya parseli mbili, pale ambapo maji ya tole mpya yalipata njia. Ukibadilisha manyasi kwa tole bila kufikiri juu ya maji, umehamisha tabu yako kwa jirani, na mambo yataishia kwa shefu wa kartie, na barua, na miaka ya kutosalimiana.

Gutiere haiko kitu cha matajiri. Tole ya zamani iliyokatwa na kukunjwa, ikashikwa na waya, ikainamishwa kidogo upande mmoja, inatosha. Chini yake pipa ao bidoni. Pipa likijaa, maji ya ziada yaingie katika shimo lililojazwa mawe, mbali na ukuta na mbali na choo. Maji ya pipa hayanywewi bila kuchemshwa, lakini yanafua, yanasafisha sahani, na yanachanganya udongo wa kukandika, ambao ndio sasa tunaujia.

Ukuta unakufa miguuni

Nyumba ya matofali mabichi ao ya miti na udongo siyo nyumba ya aibu. Tunajua ziko zilizozaa watoto, zikazaa wajukuu, na zingali zimesimama. Zinaanguka kwa sababu moja karibu kila mara: mguu wa ukuta umelowa. Maji ya paa yanaanguka karibu, yanaruka na kupiga ukuta, udongo unalainika, na siku moja pembe moja inakaa chini.

Kwa hiyo mbele ya kufikiri rangi, tazama paa linatoka nje ya ukuta kwa kiasi gani. Sentimita 60 ni kipimo kizuri, chini ya hapo ukuta unaoga. Kisha mfereji wa kuzunguka nyumba, usio na majani wala takataka. Kisha mawe yaliyopangwa chini ya ukuta kuulinda. Hizo kazi tatu haziombi fundi hata kidogo. Zinaomba jembe, kamba na asubuhi moja ya watu wanne.

Sasa sima. Sima ya Hima inayovuka mpaka wa Kasindi toka Uganda imekuwa kwetu kama dawa ya kila ugonjwa: ufa ukionekana kwenye ukuta wa udongo, mtu anapaka sima juu yake. Inapendeza wiki tatu. Kisha sima, ambayo ni ngumu, inakataa kutembea pamoja na udongo, ambao unavimba na kunywea kila mvua na kila jua. Inaachana nao, maji yanaingia nyuma, hayana pa kutokea, na siku ganda likianguka linaanguka na nusu ya ukuta. Udongo unatengenezwa na udongo.

Ila siyo udongo wowote. Chukua chupa ya maji yenye kuonekana ndani, tia udongo mpaka theluthi, jaza maji, tikisa kwa nguvu, acha mpaka kesho. Mchanga utalala chini, udongo laini katikati, mfinyanzi juu. Kama mchanga ni kidogo sana, kile utakachokandika kitapasuka-pasuka kikikauka, ongeza mchanga. Kama ni mchanga mtupu, kitamomonyoka kwa kidole, tafuta mfinyanzi. Changanya na manyasi yaliyokatwa mafupi, ukanyage vizuri, uache ulale usiku mmoja. Lowanisha ukuta mbele ya kukandika. Ganda la kwanza linajaza mashimo, la pili linakuja wakati la kwanza limekauka na limeonyesha nyufa zake zote.

Kwa nyumba ya matofali ya kuchoma, sima iko mahali pake. Pale kosa letu ni lingine, ni haraka. Sima haikauki tu, inajengeka, na inahitaji maji kwa kujengeka. Ukuta uliopakwa leo unyweshwe maji asubuhi na jioni kwa siku saba hivi. Juu ya jua la Beni hii inahesabika mara mbili. Wale wanaopaka Jumamosi na kusahau mpaka Jumamosi ingine, wanapata unga kwenye vidole vyao.

Neno moja kwa lokateri, maana wengi wetu tuko lokateri. Mbele ya kununua hata msumari, kaa na bayeri, muandikiane karatasi: kazi gani, vitu vya bei gani, na vinatolewa kwenye kodi ya miezi ipi. Mbili, moja kwake na moja kwako. Nyumba ngapi zimetengenezwa vizuri na mpangaji, halafu kodi ikapanda juu nyumba imekuwa nzuri!

Na umeme? Hapo sisi tunaweka nyundo chini. Waya unaopita juu ya tole, umefungwa na shateritoni na sashe, unaweza kufanya paa lote lishike umeme. Mwite anayejua, mlipe, na akate umeme mbele ya mtu yeyote kupanda.

Nyumba iliyoachwa

Mpaka hapa tumesema kama kwamba kila mtu alilala ndani ya nyumba yake mwaka mzima. Upande wa Beni haiko hivyo. Toka mwezi wa kumi 2014, wakati mauaji yalianza kuzunguka mji na vijiji vya barabara ya Mbau, Oicha na Eringeti, familia zinakimbia, zinarudi, zinakimbia tena. Mtu anakaa Butembo ndani ya chumba kimoja cha ndugu mwaka ao miwili, siku moja anasikia kwamba kartie yake imetulia kidogo, anashuka kwenda kutazama.

Nyumba bila moto na bila watu inaharibika upesi kuliko ile yenye watoto kumi. Tole zimeng'olewa, ao mlango, ao vyote viwili. Mchwa umepanda ndani ya nguzo. Manyasi yanagusa madirisha.

Kwa mwenye kurudi, mambo ya kwanza siyo nyundo. Katika hili jimbo mabomu yametegwa na mengine yameachwa. Chuma usichokijua, waya usioufunga wewe, mfuko uliokaa mlangoni: usiguse, usipige teke, usitupie moto manyasi yote kwa pamoja ili kusafisha haraka. Waite wenye kazi hiyo, na watoto wabaki mbali kabisa.

Kisha chukua kisu na uchome nguzo moja moja, chini, pale inapoingia udongoni. Kisu kikiingia sawa ndani ya ndizi, ile nguzo imekwisha, hata kama juu inaonekana nzima. Usijaribu kuponya nyumba yote. Chagua chumba kimoja chenye kuta bora, kipe paa, kipe mlango unaofunga, lala humo, na vingine vitafuata. Tumeona watu waliotandaza tole kumi juu ya nyumba yote kwa mapengo, na mvua ikaingia kila mahali. Tole hizo kumi juu ya chumba kimoja zingewalaza wakavu.

Nguzo mpya ya mkaratusi ikatwe, itolewe ganda, ikaushwe kivulini. Ile inayowekwa mbichi inajipinda na kupasuka, na inavuta ukuta pamoja nayo. Wazee walichoma mguu wa nguzo kwenye moto mpaka ukawa mweusi kama kidole kimoja cha unene, mbele ya kuuingiza ardhini, na mchwa ulichelewa. Leo wengi wanapaka vidanje, mafuta machafu ya moto ya gari. Inasaidia pia. Lakini kumbuka ni mti gani ulipakwa, juu saa nane mchana utakuwa unatafuta kuni.

Kile kisichoingia mbabulani

Kazi imekwisha. Pembeni kuna rundo: vipande vya nguzo za zamani, mbao zenye rangi, ubao wa plywudi, waya, tole zilizokatwa, mifuko ya sima. Na kuna mbuzi. Mtu mwenye njaa akiona rundo na mbuzi, anaona kuni.

Hapana. Mti uliopakwa vidanje unatoa moshi mweusi wenye sumu, na ile sumu inalala juu ya nyama. Mbao za rangi, hasa rangi za zamani, ziko hivyo hivyo, na plywudi iko na gundi. Sashe za plastiki zinazotumiwa kuwasha makala, ambazo kila nyumba inazitumia na tunazijua harufu yake, tuziache pia. Ganda kavu la mkaratusi linawasha upesi, na kigunzi cha mahindi kilichokauka kinashika moto vizuri bila harufu yoyote.

Ile tole mpya iliyobaki isiwe sahani ya kuchomea. Tole imepakwa zinki. Moto mkali unaichoma, na moshi wake unaleta homa, kutetemeka na kifua kinachobana, mambo ambayo wenye kushudia vyuma wanayajua vizuri. Ndimu na tomati zikigusa zinki zinaiyeyusha hata bila moto mwingi. Waya mpya wenye kung'aa na spoki za kinga zinazotumiwa kwa broshete ziko na shida moja na tole. Tengeneza sahani yako kwa vyuma vyeusi vya betoni, vilivyobaki kwenye fondasio, vioke peke yake kwenye moto mkali mara moja na visuguliwe. Kwa broshete, mianzi iliyolowekwa maji. Janti ya gari iliyozeeka ni mbabula nzuri sana, ikishachomwa mpaka rangi yake yote imeondoka, siku ingine, hakuna nyama karibu.

Makala nayo yana historia yake. Karibu kila kilima cha kuzunguka Butembo kiko na mikaratusi iliyopandwa na familia, na makala yake ni halali na yanatosha kwa kuchoma. Kuna mengine yanayotoka ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ambako kukata mti ni marufuku, na biashara ya makala hayo imetumia silaha na imeua walinzi na raia. Gunia halina jina juu yake. Lakini kumuuliza muuzaji yanatoka wapi, hiyo haikatazwi.

Sasa mbuzi mwenyewe. Nyama ya mnyama aliyechinjwa saa mbili na kuwekwa motoni saa sita inakuwa ngumu, juu misuli yake ndiyo imekaza wakati ule. Butembo, penye baridi ya usiku, chinja jioni ya Ijumaa, tundika mahali safi pasipofikiwa na nzi wala paka, na asubuhi nyama imelegea. Beni usijaribu hivyo, joto litaiharibu. Pale kata vipande vidogo, paka maji ya papai bichi na chumvi, acha saa moja, isizidi, papai linaendelea kula nyama mpaka inakuwa uji. Kitunguu, pilipili, tangawizi kidogo. Mbuzi mzee achemshwe kwanza, na supu yake ipewe wale waliobaki na baridi ya ngazi.

Makala yangoje mpaka yamevaa majivu. Moto wa ndimi unachoma nje na kuacha ndani mbichi. Panga makala mengi upande mmoja na machache upande mwingine: nyama inashika rangi huku, inaiva kule. Maini yanatangulia, hayo hayangoji mtu.

Parseli nyingi haziko na mbuzi, na Jumamosi haivunjiki kwa hiyo. Kobaye, ambao wanafugwa chini ya kitanda na jikoni kila kona ya Lubero na Butembo, anapasuliwa, analazwa bapa juu ya vyuma na anaiva haraka. Samaki ya Kyavinyonge toka ziwa Edouard inachomwa na ngozi yake yote. Ndizi, mahindi, viazi chini ya majivu, na sombe ya mama pembeni. Hatujaona fundi aliyekataa.

Tusisahau bidoni yenye robine mlangoni. Tulifundishwa kuiweka kwa bei kali: Ebola iliyotangazwa hapa tarehe 1 Agosti 2018 na kuisha 25 Juni 2020 iliua watu 2,287. Mikono ya udongo na vidanje inawe sabuni mbele ya sahani. Na nyama ya mnyama wa pori aliyeokotwa amekufa haiingii katika parseli hata kama imekaushwa, hata kama imeletwa na shemeji.

Beni moto unawashwa mapema, ili kila mtu afike kwake mbele ya giza. Usiku wa Noeli, tarehe 25 Desemba 2021, mtu alijilipua penye watu walikuwa wanakula na kunywa katikati ya mji, na wengine wakafa naye. Anayechagua kuchomea nyama nyuma ya nyumba yake, kati ya watu anaowajua kwa majina, hatumuulizi sababu.

Mbabula inalala nje

Jioni Butembo inashika baridi. Nyama imekwisha, wageni wameaga, wasingya zimesemwa, na mbabula bado ni nyekundu. Chumba kilichokandikwa leo kinanuka udongo mbichi. Hapo ndipo wazo linakuja: tuingize mbabula ndani, itatupasha moto sisi na itakausha ukuta.

Makala yanayowaka yanatoa hewa isiyo na rangi wala harufu, na mtu aliyelala haisikii. Inachukua nafasi ya hewa nzuri ndani ya damu. Anayeamka na kichwa kizito, kichefuchefu na miguu isiyomtii, atoke nje mara moja, awatoe wengine, na apelekwe hospitali hata kama anasema ameshapata nafuu. Mara ingine hakuna anayeamka. Na tulikuwa tumetoka kuziba kila tundu la paa na kila ufa wa ukuta: nyumba ya zamani ilikuwa inapumua kwa matundu yake, mpya haipumui. Kwa hiyo ule usiku wa kwanza kisha matengenezo ndio wa hatari zaidi. Ukuta wa udongo ukaushwe na upepo, milango wazi, siku kadhaa. Wenye baridi waongeze blanketi.

Mbabula ibaki uani, chini ya kitu kisichoshika moto, mbali na ukuta wa mbao na mbali na zile petroli na gudroni za mchana. Usiifunike na karatasi. Majivu yangoje mpaka asubuhi, juu chini yake makala yanaweza kubaki na moto usiku wote. Yakipoa, kikombe kimoja kinaingia chooni kupunguza harufu na nzi, na yaliyobaki yanamwagwa chini ya migomba ao kwenye lenga-lenga, kidogo kidogo, siyo yote mahali pamoja. Na upite na sumaku ya baffle ya zamani, kama iko, pale watu walikaa: misumari iliyong'olewa iko yote ndani ya udongo, na watoto wanatembea miguu wazi.